Mjukuu wa Mgomba

Mwisho wa kiangazi, kabla mvua hazijafika Rusimbi, ndipo migomba inapopogolewa. Majani yamekwisha kukauka yenyewe, yananing'inia shinani. Wewe unayamalizia kwa panga na kuyatandaza chini yashike unyevu. Kazi hiyo haina ugumu wowote. Mimi ilinichosha kwa sababu ya machipukizi.

Kila shina huachiwa watatu: mama mwenye mkungu, mtoto anayemfuata, na mjukuu mdogo wa kuja baadaye. Mengine yote hung'olewa. Kwetu Burundi mama yangu alifanya hivyo, na mjane wa Kiislamu aliyetupa chumba cha uani na kutuazima shamba lake, tulipofika na mashua kutoka Kagunga mpakani, naye alifanya hivyo. Lakini ukimbizini mama akawa anakata hata wajukuu.

"Huyu atazaa baada ya miaka miwili," aliniambia. "Nani atakuwa hapa?"

Mwaka wa kwanza niliona anasema kweli. Mwaka wa pili, watoto walipokwisha kuzaa, nyuma yao hapakuwa na kitu. Kati ya mashina manane, mawili tu yalikuwa na mkungu. Tukala muhogo wa kununua na dagaa wa Kibirizi, wiki baada ya wiki, na mama aliendelea kwenda dirishani kwa mjane kusikiliza redio. Kila habari ya mazungumzo ya amani ilimfanya afue nguo zetu zote, tayari kwa safari ya kurudi. Nilizichukia habari hizo.

Mwaka wa tatu kiuno kilimkamata, nikaenda kupogoa peke yangu. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimechoka kungoja na nimechoka muhogo. Kwenye shina lililo karibu na choo nikamwacha mjukuu mmoja, nikamfunika kwa majani makavu. Ilikuwa njaa tu, nisijisifu.

Siku ya tatu mama alijikongoja hadi pale, akayainua yale majani kwa ncha ya panga.

"Mwana wanje, mwanangu, nani amekwambia tutakuwepo?"

"Hakuna, mama. Nina njaa."

Nilingoja kofi. Alimtazama yule mjukuu, ambaye hakufika hata magotini, kisha akakaa chini kwenye udongo, yeye ambaye hakupenda kuchafua kitenge.

"Basi lete majivu," alisema. "Huyu hana nguvu."

Nikaleta majivu ya jikoni. Akayamwaga taratibu kuzunguka shina, akafukia kwa mikono, akashindilia. Jioni ile mjane alimwita dirishani, taarifa ya habari imeanza. Mama akajibu kwamba amechoka, atasikiliza siku nyingine.

Nilikuwa nimepata nilichokitaka. Nikalala nikitamani aamke asubuhi amkate yule mjukuu, arudi dirishani kwa mjane.