Garanti ya Papa Théo

Katika mtaa mzima wa Kikula, mjini Likasi, Théodore ndiye fundi pekee wa redio aliyegombana na wateja kwa sababu hawakutaka kumrudishia kitu kibovu. Mtu akisema, "Acha tu, Papa Théo, inaimba kidogo," alipandwa na hasira. Kidogo kwa nini? Miezi sita ya garanti imekwisha? Lete hapa!

Alikuwa amefanya kazi ya umeme miaka kumi na tisa katika karakana za kampuni kule Shituru, mpaka mshahara ukaanza kuchelewa, halafu kukatika, halafu kusahaulika. Kabla mambo hayajaharibika kabisa alinunua redio ya kaseti katika duka moja la mjini. Ikafa wiki ya tatu. Akaenda na karatasi yake ya garanti, dhamana ya duka yenye mihuri miwili, akakuta mlango umeng'olewa na rafu tupu. Waporaji walikuwa wamepita, na mwenye duka alikuwa keshavuka mpaka. Siku zile Likasi ilijaa watu wenye karatasi kama ile, na wengi walizitumia kuwashia moto wa jikoni huku wakicheka. Théodore hakucheka. Mtu yule alichukia kudanganywa kuliko alivyochukia njaa, na ninasema hivyo nikijua njaa ya miaka ile ilikuwaje.

Basi alipoweka meza yake barazani, alitoa garanti yake mwenyewe, iliyoandikwa kwa mkono juu ya vipande vya katoni. Kila chombo alichotengeneza kilifungwa, kisha juu ya kila skrubu mkewe Émérence akadondosha tone la rangi nyekundu ya kucha. Sheria hata watoto waliijua. Rangi ikivunjika, umefungua mwenyewe, kosa ni lako. Rangi ikiwa nzima, hakuna aliyegusa ndani ila fundi, kosa ni lake, na atatengeneza bure. Na kweli alitengeneza bure. Muuza makaa mmoja wa Kamatanda alimrudishia redio ileile mara tatu kwa mwezi, na Théodore hakumwomba hata yai.

Émérence hakuwa mtu wa kupaka rangi tu. Théodore alimfundisha kushika bisibisi, kisha kulehemu nyaya, na mwanamke akajua kubadilisha mota ya kaseti akiwa anazungumza na jirani. "Mama Cathy iko na mukono muzuri kunipita minye," alimsifu mkewe kwa wateja, akimwita kwa jina la binti yao. Kwake yeye garanti ile ilikuwa ya watu wawili.

Lakini kazi ya bure haipiki ugali. Émérence alimwambia hivyo mara nyingi, naye akajibu neno lilelile, kwamba jina ndilo kazi: "Jina yangu njo kazi yangu." Mwisho mwanamke akanyamaza. Théodore akadhani amekubali. Wanaume wengine wana akili ya kusikia redio ikikohoa mtaa wa pili, lakini nyumbani mwao hawasikii kitu.

Jirani yao Mama Philomène alikuwa mjane. Binti yake, Fidélie, alipanda treni ya kwenda Kasai pamoja na mumewe, mtu wa huko, mwaka ule watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa Likasi, na tangu hapo alimtumia mama yake kaseti alizorekodia sauti yake, mikononi mwa wasafiri. Mashine ya kaseti ya Mama Philomène ilipokufa, Théodore aliitafutia mota nzuri, akaifunga, akaijaribu, akamwachia Émérence apake rangi. Haukupita mwezi, sauti ya Fidélie ikawa inajikokota kama ya mlevi, kisha mashine ikatafuna utepe wote.

Mama Philomène hakuipeleka mezani kwa fundi. Aliipeleka kwa Papa Placide, mkuu wa jumuiya ya parokia, maana minong'ono ilikuwa imeanza. Mashine nyingine mbili za fundi huyohuyo zilikuwa zimefanya vilevile. Jumapili baada ya misa watu wakakusanyika uani kwa Papa Placide.

Théodore alikwenda bila wasiwasi, bisibisi mfukoni, mkewe nyuma yake. "Muangalie rangi kwanza," alisema. Mashine ikapita mkono kwa mkono. Matone manne, yote mazima. "Njo vile. Sasa tutaona kama ni mashini inakosa, ao ni minye."

Akakwangua rangi, akafungua mbele ya wote. Ndani kulikuwa na mota kuukuu yenye kutu, mota ambayo yeye mwenyewe aliitupa katika sanduku la vitu vilivyokufa, chini ya meza yake.

Akaangalia pale nyaya zilipolehemiwa. Kazi safi, ndogo, isiyomwaga risasi ya kulehemu. Mkono ule aliujua, aliufundisha. Hapo ndipo alipokumbuka unga uliokuwa ukifika nyumbani, mkewe akisema "umetoka kwa shangazi wa Kapolowe." Alikumbuka pia kwamba Magloire, fundi wa sokoni, siku hizi hakosi mota nzuri. Unga ule, bei ya mota zake, aliula. Tena alimshukuru shangazi.

Akainua macho. Émérence alikuwa ameketi kati ya wanawake, anatazama viatu vyake.

"Papa Théo," alisema Mama Philomène, "rangi iko muzima. Ni weye ulisema: rangi muzima, kosa ni yako. Mota yangu iko wapi?"

Iliuma, iliuma sana. Neno moja lilitosha kumwokoa. Lakini Cathy wao alikuwa anajiandaa kwa komunyo ya kwanza, na jumuiya yote ilikuwa pale. Akawaza: haya tutayamaliza nyumbani, sisi wawili.

"Ni minye," alisema.

Watu wakapiga kelele. "Weye, Baba Cathy?" aliuliza Papa Placide, kama mtu anayeomba akanushiwe.

"Ni minye. Nitamurudishia mota yake."

Ndipo Émérence akasimama. Théodore alijua mkewe ameshindwa kuvumilia, sasa atasema, na alikuwa tayari kumsamehe palepale, kabla hajamaliza. Émérence akakaza kitenge chake, akashusha pumzi, akamgeukia mjane.

"Mutusamehe, mama. Minye nilimukatazaga kila siku. Hasikiaga."

Wanawake wawili wakamshika mkono, wakampa pole kwa mume aliyempata.