Leso Chini ya Meza ya Pasi

Mpiga pasi wa nyumba ya wageni alikuwa na siri moja: mwanawe. Mumewe alishajiendea, jirani wa kumwachia mtoto hana. Basi kila asubuhi alimpitisha mlango wa nyuma, akaifunga leso kwenye miguu ya meza ya pasi, ikawa bembea. Mbele akaning'iniza shuka. Mtoto akilia, mfuaji mwenzake, waliyemwita Chiriku, alianza kuimba.

"Mwanao atanimaliza koo!"

"Imba tu, mwenzangu. Meneja anadhani ni wewe unayelia."

Siku moja mzee mgeni, mwalimu wa lugha, alileta shati lake. Shuka lilikuwa limesogea; akaiona leso, shati akalisahau. Akakaa juu ya ndoo, akaanza. Neno hilo, leso, mmelipata kwa Wareno, alisema; kwao ni kitambaa cha kufutia uso. Wao walilirithi kwenye Kilatini, kitambaa cha kitani. Waitaliano, kwa asili hiyohiyo, wakapata shuka la kitanda. Wafaransa wakapata sanda.

"Sanda!" Chiriku akaruka. "Mtoe mtoto humo!"

Mpiga pasi alicheka, ila mkono ulikwenda wenyewe kifuani pa mtoto. Anapumua.

"Na kwenu ni ya nini?" mzee akamuuliza.

"Kwetu ni ya kila kitu, babu. Ya kamasi, ya kujitanda, ya kubebea."

Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumuuliza jambo lolote zaidi ya madoa. Raha ikamlegeza, akasahau kumwomba mzee afunge mdomo.

Jioni mzee, bila hila hata chembe, akamsimulia meneja mezani: "Hata mtoto wa yule dada analala ndani ya neno hilo, kule kwenye pasi!"

Meneja alishuka, tabasamu la wageni bado limemganda usoni. Akainua shuka.

"Kumbe tumefungua chekechea."

"Nisamehe, dada. Sina wa kumwachia."

"Dada yako yuko kwenu. Kesho njoo peke yako, au usije kabisa."

Hakuwa na kesho ya namna hiyo. Akafungua mafundo taratibu, mtoto asiamke. Chiriku alikuwa amegeukia ukuta, anakamua shuka lililokwisha kukauka.

Mzee alimkuta kwenye ngazi za mlango wa nyuma.

"Binti yangu, sikujua."

"Najua hukujua, babu."

"Ngoja nirudi kwa meneja, nimweleze vizuri."

"Usimweleze," alisema, akikaza fundo kifuani. "Umeshaeleza."

Akashuka, mkono mmoja nyuma, umemshika mtoto.