Saa Zenye Kunyumbulika

Nikisikia tena mtu anatamka neno "kunyumbulika", nitamrushia pasi. Mimi ni fundi cherehani na pasi haiko mbali nami, kwa hiyo wateja wangu wachunge midomo. Neno hilo liliingia nyumbani kwetu mwaka huu kupitia matangazo ya kazi, na halikutuletea heri.

Aliyekuwa anatafuta kazi ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Mtaani wanamwita Daftari, kwa sababu haonekani bila daftari kwapani. Yeye ni mchambuzi wa tabia. Watu wakisikia hivyo humwangalia kwa wasiwasi, wakidhani atazisoma siri zao usoni. Fundi bomba aliyekuja kutengeneza sinki letu aligoma hata kunywa chai mbele yake. Kumbe kazi yenyewe ni ya kukaa na watoto, hasa wenye usonji, wale ambao maneno hayawatoki na hofu inawatokea mikononi na kwenye meno. Daftari hukaa pembeni akaangalia na kuandika mambo matatu: kilichotokea kabla, alichofanya mtoto, na alichopata baadaye. Anasema jibu karibu kila mara liko kwenye hilo la tatu. Mtoto akipiga kelele mara kumi, na mama yake akampa biskuti mara ya kumi, basi amefundishwa kwamba kelele zinazotakiwa ni kumi. Huwaeleza wazazi hilo kwa upole mpaka unanikera. Mimi ningewafokea.

Kazi hiyo aliifanya kutwa nzima, miaka sita, kituo kimoja, mpaka Mama alipopata kiharusi. Mama ni mama mkwe wangu, na sote tunakaa nyumba moja: yeye, Daftari, mimi na mume wangu. Kiharusi kilimwachia mguu wa kuburuta, ulimi mzito, na mkono wa kulia uliojikunja kifuani. Mkono huo ndio ulionifundisha kukata kitambaa, nikiwa mke mpya nisiyejua hata kushika mkasi. Kwa hiyo mtu asiniambie natia chumvi.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alituweka kitako akatueleza waziwazi. Miezi sita ya mwanzo ndiyo ya kupigania. Kila siku, saa nzima na nusu, vidole vikunjuliwe kimoja kimoja, kiwiko kinyooshwe, Mama afundishwe upya kushika kijiko. Mkono ukiachwa utakaza, na ukishakaza kuurudisha ni shughuli. Asubuhi jirani yetu, muuguzi mstaafu, alikubali kukaa naye mpaka saa saba. Mchana ulibaki wa Daftari. Mimi mchana ndipo wateja wanapomiminika, na mume wangu, ambaye ni karani wa bohari, ana kazi yake.

Daftari akamwendea mkubwa wake kuomba nusu siku. Yule bwana hakuinua hata macho kwenye karatasi zake. Akasema kituo chake hakina nusu mfanyakazi. Daftari akakusanya vitu vyake akarudi nyumbani, na tukaanza kusoma matangazo.

Wiki tisa alitafuta. Mchana alikuwa na Mama, na mchana huo ulizaa matunda: kidole cha shahada kikafunguka, kikafuata cha kati, na siku moja Mama akashika kijiko akakipeleka mdomoni mwenyewe, supu nusu ikiwa kifuani. Tulishangilia sana. Lakini dawa hazinunuliwi kwa shangwe, kwa hiyo asubuhi Daftari alivaa viatu vyake vizuri akaenda kugonga milango.

Shule moja ilimwita. Mwalimu mkuu akamkaribisha vizuri, akamuuliza, "Kwa hiyo wewe ndiye utakayekuwa unawachapa?"

"Hapana, mwalimu. Mimi sichapi."

"Sasa watabadilikaje?"

Alirudi amejishika kichwa. Kampuni nyingine ilimpigia simu ikampa ratiba: saa mbili asubuhi mtoto wa upande huu wa mji, saa nane mchana mtoto wa upande ule, saa kumi na moja mwingine tena. Alipouliza mchana wake uko wapi, msichana wa kwenye simu akashangaa. "Lakini dada, si uliomba saa zinazonyumbulika?" Nilimpokonya wifi yangu simu, ila msichana alikuwa ameshakata. Ana bahati.

Halafu akaja meneja wa kituo cha orofa ya pili, kilichoko juu ya duka la vioo. Mwanamke mwenye sauti ya kubembeleza, kila sentensi "dada yangu". Mkataba ulisema Jumatatu mpaka Ijumaa, saa mbili mpaka saa sita na nusu. Niliusoma mimi mwenyewe, mara mbili. Tukacheza muziki jikoni, mimi na wifi yangu, Mama akitupigia makofi ya mkono mmoja kwenye paja.

Hapo kituoni alipewa binti wa miaka sita ambaye alikuwa anajing'ata kifundo cha mkono mpaka kinachubuka. Walishamfunga bandeji, walishamkaripia, walishakata tamaa. Daftari alikaa pembeni siku nne akiandika. Siku ya tano akagundua binti anaanza kujing'ata kila mara mashine ya kukata vioo inapowashwa kule chini. Wengine walishaizoea, hawaisikii tena. Yeye ilimchoma masikio. Daftari akamtengenezea kadi yenye picha ya mlango, akamfundisha kuitoa mashine ikianza, na akiitoa tu, mara moja wanatoka nje. Siku binti alipotoa kadi badala ya kung'ata, wifi yangu alirudi nyumbani akiimba, naye sauti hana kabisa.

Wiki ya tatu simu ilinilia saa sita na nusu.

"Wifi, samahani. Meneja ameniomba leo tu. Kuna mzazi ametoka mbali."

"Leo tu," nikasema. "Sawa. Namwacha bibi harusi na gauni lake."

Nikaenda kwa Mama. Nilijaribu kukunjua vidole vyake, lakini mikono yangu imezoea kitambaa, na kitambaa hakiumii. Akaguna, akanisukuma kwa mkono mzima. Tukaishia kuangaliana. Alhamisi simu ikalia tena: leo tu, mwenzake anaumwa. Jumanne: leo tu, kuna wageni wa ukaguzi. Na kila mara meneja alimvika kilemba cha ukoka. Hakuna kama wewe, dada yangu. Wewe ndiye nguzo ya kituo hiki. Mwezi wa pili ulipoanza, michana mitatu kati ya mitano ilikuwa yangu, na yangu maana yake si ya mtu. Siku moja Mama alishika kijiko, kikamtoka, kikaanguka sakafuni. Nikamwekea tena mkononi, kikaanguka. Vidole vilikuwa vinarudi ndani. Nilienda kulia chooni, kisha hasira zikanipanda kwa sababu nililia.

Mchana huohuo nikachukua daftari moja la wifi yangu, lililobaki nyumbani, nikachora mistari kama anavyochora yeye. Nikaandika kila siku niliyoikumbuka. Kabla: saa sita na dakika ishirini, Daftari amekamata mkoba. Tabia: meneja anaweka mkono kifuani anasema leo tu. Baadaye: anapata mchana mzima, bure. Nilijaza ukurasa mmoja na nusu kwa mwandiko wangu wa kienyeji, na aliporudi nikamwekea mezani.

"Nisomee," nikamwambia. "Mtoto huyu ana miaka mingapi na shida yake nini?"

Alisoma mpaka chini. Akarudi juu, akasoma tena.

"Arobaini na kitu," akasema taratibu. "Na mimi ndiye ninayempa biskuti."

"Tena kwa mkono wa Mama yako."

Neno lile lilikuwa kali, najua. Nililikusudia. Miaka sita anawafundisha watu wasifanye jambo moja, na yeye alilifanya kila wiki, kwa tabasamu, tena akiwa na kalamu mkononi! Hakunikasirikia. Alikasirika kwa namna yake, shingo ikawa ngumu na sauti ikashuka. Akaniambia tujiandae, kwa sababu mtu ukimnyima alichozoea, kwanza huzidisha.

Na kweli meneja alizidisha. Jumatatu Daftari alisema hapana, saa sita na nusu akashuka ngazi. Meneja akapiga simu mara nne. Jumanne akapiga mara tisa. Jumatano akatuma ujumbe kwamba binti wa kadi analia kwa ajili yake, na je, hana roho? Huo ulimuuma, nilimwona. Lakini hakurudi. Alikaa na Mama, wakakazana na kidole cha shahada, ambacho sasa hakikutaka kusikia habari. Ijumaa meneja alimwita ofisini, sauti ya kubembeleza imekwisha, akafungua ukurasa wa mwisho wa mkataba. Saa zitanyumbulika kulingana na mahitaji ya kituo.

Ukurasa huo niliuona. Niliusoma mara mbili, nimeshasema. Nilidhani zinanyumbulika kwa upande wetu.

Alirudi na vitu vyake ndani ya mfuko. Tulikuwa mezani tunakula, mume wangu naye ametoka kazini, na Daftari akamwambia kaka yake kwamba kazi imekwisha. Mume wangu si mtu mbaya. Naliandika hili kwa sababu nikilisema watu hawaniamini. Alimeza tonge, akamwonea huruma dada yake, akasema, "Afadhali. Sasa utakaa na Mama kutwa, mahangaiko yameisha."

Kijiko changu kilitua kwenye sahani kwa mlio mkubwa. Lakini Daftari aliniwahi.

"Kaka, unatoka kazini saa ngapi?"

"Saa nane. Si unajua."

"Halafu?"

"Halafu nakula, napumzika." Alituangalia mmoja mmoja. "Kwani vipi?"

Nikaona aibu, na si kwa ajili yake. Miezi yote hiyo tuligonga milango ya watu baki tukitafuta kazi yenye saa za kupinda, na ndani ya nyumba yetu kulikuwa na saa nne za kila siku, zimejinyoosha kwenye kochi. Mimi, mwenye mdomo mrefu kuliko wote mtaani, sikuwahi kuziomba hata mara moja. Nilimpelekea chai palepale kwenye kochi, akiangalia mpira kwenye televisheni. Nilimpunguzia hata sauti ya cherehani alale vizuri.

"Kesho saa tisa," Daftari akamwambia, "zamu ni yako. Muuguzi yuko mlango wa pili kukiwa na hatari. Nitakuachia karatasi ya mazoezi."

"Mimi? Mimi hayo mambo siyajui, nitamuumiza. Ninyi ndio mmezoea."

"Tumezoea," nikasema, "kwa sababu tulianza bila kujua. Na wewe anza hivyohivyo."

Kesho yake tulitoka kweli. Mama wa yule binti alikuwa amempigia Daftari, ana hasira kuliko sisi, kwa sababu kituo kilimwambia mtaalamu wake amewatelekeza watoto. Tulienda kwake. Daftari akamtajia siku tatu kwa wiki, asubuhi, na mchana mmoja, wa Alhamisi, ambao sasa angeweza kuutoa kwa sababu ya zamu ya kaka yake. Mama yule akakubali, akasema dada yake naye ana mtoto wa kuonwa. Tulipokuwa tunaandikiana, simu yangu ikaanza kulia. Mume wangu. Ikakata, ikalia ya wifi yangu. Ikarudi kwangu. Rudini, akaandika, leo tu jamani, sijui nianzie wapi.

"Usipokee," akasema Daftari.

"Je, kama Mama..."

"Kungekuwa na hatari angepiga muuguzi. Usipokee."

Akapiga mara kumi na moja. Niliziangalia zote zikiwaka na kuzimika mezani kwa watu, na sitajidai, roho iliniuma. Halafu nikakumbuka chai ya kochini, ikaacha kuuma.

Tulifika nyumbani saa kumi na mbili kasoro. Televisheni ilikuwa imezimwa. Mume wangu alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti cha Mama, shati limelowa jasho, karatasi ya mazoezi iko sakafuni. Ameushika ule mkono kwa mikono yake miwili na anajaribu kukifungua kidole cha shahada, hakifunguki. Mama alikuwa anamwangalia utosini.

Aligeuka kwetu, macho mekundu.

"Mkono wake umekaza hivi tangu lini?"

Daftari aliiokota karatasi sakafuni. Anao upole wake. Mimi nilimtajia tarehe, na siku ya wiki, na timu zilizokuwa zinacheza.