Shanga za Mdogo Wangu

Baada ya arobaini ya bibi, nimekuta sandukuni mwake uzi wa shanga nyekundu, bado unanukia mafuta ya nyonyo. Mdogo wangu alizivaa kiunoni alipokuwa mchanga.

Alikuwa ameanza uji wa ulezi, na ziwa akawa analigusa tu, kisha anageuza uso. Siku moja mama alirudi kutoka shamba la ujamaa akilia.

"Wanasema nimembemenda mtoto. Eti nina mimba, maziwa yameharibika, yanamdhoofisha."

"Unayo?" bibi akauliza.

"Sina, mama."

"Basi maneno yao yabaki hukohuko. Mlete."

Bibi alijaribu kupitisha kidole kati ya shanga na tumbo la mtoto. Hakikupita.

"Mwezi uliopita vilipita viwili. Mtoto anayedhoofu, shanga humteremka. Huyu ameshiba uji, ndiyo maana ziwa anaonja tu. Wewe endelea kumpa."

Akakata uzi, akaongeza shanga. Mimi nilishika ncha moja, yeye akafunga.

Kesho yake mama alimbeba mtoto hadi shambani tumbo wazi, wote wazione shanga zilivyomkaa.

Fundo la bibi bado limekaza. Sijalifungua.