Ndama wa Majani Makavu

Mwaka 1948, nikiwa na miaka kumi, mama yetu alikufa kwa homa, na taabu yangu ikaanza hapo. Baba akanitoa shule nikiwa darasa la pili. "Ng'ombe watachungwa na nani?" akauliza. Basi shule yangu ni hiyo. Anayetaka Kiswahili cha wasomi akatafute kitabu kingine.

Nilikuwa na mdogo wangu wa kike, meno ya utoto hayajang'oka hata moja. Shangazi, dada yake baba, alihamia kwetu Hirbadaw kutulea. Alikuwa mtu mwema, msimseme vibaya. Mtoto alipouliza mama yuko wapi, alimwambia, "Amekwenda Mogitu kwa ndugu zake. Atakuletea asali." Alidhani anampunguzia uchungu. Nami nikaonywa: "Wewe, ole wako ufungue mdomo."

Mtoto akawa anashinda kwenye mlango wa boma, uso njia ya Mogitu. Mwanzo aliuliza kila mpita njia kama amemwona mama. Baadaye akaacha kuuliza. Halafu akaacha kusema kabisa, hata wazee akawa hawaamkii. Jirani mmoja, mwanamke, akasema mbele yake, "Huyu keshakuwa bubu. Mnapoteza uji."

"Uji ni wangu," Shangazi akamjibu. "Wewe umeombwa kijiko?"

Lakini jirani alipoondoka nilimwona Shangazi akifuta macho. Aliogopa kweli kwamba mtoto hatasema tena.

Msimu huo ng'ombe wetu mwekundu alifiwa na ndama. Ng'ombe wa namna hiyo anazuia maziwa. Kwa hiyo kwetu unamchuna ndama, unajaza ngozi yake majani makavu, unaiweka mbele ya mama yake. Anailamba, anatulia, maziwa yanashuka. Shangazi akafanya hivyo, akakamua, akampelekea mtoto kibuyu kikiwa bado na joto.

Mtoto akakisukuma. Akamtazama yule ng'ombe anavyolamba ngozi, akasema, sauti imemkauka, "Mnamdanganya."

"Umesema nini, mwanangu?"

"Ndama wake amekufa. Mnamdanganya. Na mama hayuko Mogitu."

Shangazi akanitazama, nikajua nitachapwa. Hakunichapa. Akachuchumaa palepale kwenye samadi, akamwambia, "Kweli. Mama amekufa. Hatarudi."

Mtoto alilia mpaka akatapika. Shangazi hakumwambia nyamaza. Alimshika tu. Hilo sijaliona kwa wasomi wengi. Mtoto wao akilia anapewa biskuti.

Tangu hapo, jioni wakati wa kukamua, Shangazi alikuwa akimuuliza, "Leo wewe ni ng'ombe yupi?" Mtoto anatazama zizi. Akisema yule mwekundu, ana huzuni. Akisema yule mwenye pembe moja, ana hasira, asiguswe. Akisema ndama wa kijivu, jamani, siku hiyo tutakimbizana. Nami niliulizwa, nikajibu, ingawa nilikuwa najiona mwanamume.

Herufi nilimfundisha mimi. Alama za moto kwenye ng'ombe alizijua zote, za kwetu na za majirani. Nikatandaza jivu kando ya mafiga, nikachora kwa kijiti. "Ile ya ng'ombe inakwambia ni wa nani," nikamwambia. "Hii inakwambia neno." Neno la kwanza alilotaka ni mama.

"Usimwandikie hilo," Shangazi akasema. "Utamliza."

"Si alie tu, Shangazi?"

Nikaandika. Mtoto akasoma kwa kidole, ma, ma, machozi yakamtoka. Akafuta jivu kwa kiganja, akasema, "Andika tena."

Alipofikia umri wa shule, baba alikataa. Shangazi alimshika mkono, akampeleka mwenyewe, na baba akabaki kupiga kelele zizini. Mdogo wangu alifundisha watoto kusoma mpaka akastaafu.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma hapa Katesh, mabati hayavuji. Nina mashine ya kusaga. Nina shamba la mahindi, na la ngano kule Mogitu. Hakuna aliyenipa. Nina miwani. Nina vitabu vya watoto alivyoniletea mdogo wangu; wajukuu wananisomea, na nikiwasomea mimi wananisahihisha bila aibu. Nina ng'ombe wa kutosha, kila mjukuu jioni, nikimuuliza leo yeye ni yupi, anapata wa kumchagua.