Maji ya Bure

Wakati wa Wabelgiji, kule Kibabi, mama yangu alikuwa anafanya kazi kwa muzungu mwenye shamba la kahawa. Juu ya paa la muzungu kulikuwa pipa lililopakwa rangi nyeusi, ili jua lipashe moto maji ya kuoga. Wageni wakifika, madamu, muke wa muzungu, aliwaonyesha pipa akijisifu: "Maji ya moto hapa iko bure! Jua njo inafanya kazi yote."

Mama alikuwa amesimama palepale, ngata ya kubebea maji ingali kichwani, nguo imelowa. Yeye njo alipandisha maji yale kutoka mutoni, kisha kwa ngazi mpaka juu ya paa. Kwetu kuni zilikuwa za kupikia maharagi tu, tulioga baridi.

Mpaka leo, muntu akiniambia kitu iko bure, ninamuuliza: nani alibeba?