Mtani Aliyeitwa Mwizi

Mimi kukaa kitako nilikwishashindwa. Wajukuu wananicheka, eti bibi ana siafu miguuni. Wacheke tu. Nikikaa, akili inarudi Mbwawa, kwenye msiba wa baba yangu mdogo, enzi za Mwingereza, na nikifika huko sina raha tena.

Siku ile maiti ilikuwa bado haijatolewa ndani. Akaingia mtani wetu, Mnyamwezi aliyekuwa akiishi Dutumi na mama yake, kijana wa maneno mengi. Kwetu Wazaramo, mtani akija msibani ana ruhusa ya kukwapua chochote. Nanyi mnapiga kelele, mnamfukuza, mnambembeleza kwa kuku ndipo arudishe. Ndiyo heshima yenyewe hiyo, na msiba usio na watani ni wa mkiwa. Basi akabeba sufuria la wali, tena la moto, akatimua mbio huku akimsema marehemu kwa uchoyo wake. Tulicheka na machozi bado yanatutoka. Tukapiga kelele sote: mwizi, mwizi huyo!

Barabarani alikuwa anapita askari polisi, mgeni kutoka bara, bunduki begani, ndio kwanza ametoka mafunzoni. Akamwamuru mtani asimame. Mtani akageuka, akacheka, akamwambia naye aje wale pamoja, kisha akaendelea kukimbia. Maskini, alidhani na yule yumo katika utani. Askari akaamuru tena, halafu akapiga. Risasi ilimpata mgongoni, wali ukamwagika njiani, akafa palepale tukimwangalia.

Shauri lilisikilizwa bomani Kisarawe, mbele ya mzungu tuliyemwita Bwana Shauri. Mama wa mtani hakutaka fidia, wala hakutaka mtu anyongwe. Alitaka jambo moja tu, litamkwe mle ndani mbele za watu: mwanawe hakuwa mwizi.

Niliulizwa kama tulipiga kelele za mwizi. Nikasema ndiyo, lakini. Nikaambiwa sikuulizwa lakini, nikae. Nikae! Nilisimama kama mgomba mpaka tarishi akanishika bega akanikalisha kwa nguvu. Askari naye aliulizwa alifundishwa nini. Akajibu kwamba alifundishwa kuamuru mara mbili, kisha kupiga. Hakuna aliyemuuliza kwa nini hakuuliza mtu yeyote, na pale njiani tulijaa tele. Ikatamkwa kwamba mwizi amekaidi amri, askari ametimiza kazi yake, shauri limekwisha.

Tulipotoka barazani, askari akamfuata yule mama. Akavua kofia, akamwamkia shikamoo. Mama hakuitikia. Mimi nilimchukia yule kijana wa watu na kumhurumia kwa pamoja, jambo ambalo mpaka leo linaniudhi.

"Mama, wenzangu wamenieleza habari za utani," alisema kwa sauti ndogo. "Mwanao hakuwa mwizi."

Mama akamnyooshea kidole mlango wa boma.

"Rudi ndani ukaseme hivyo hivyo."

Mlango ulikuwa wazi. Bwana Shauri alikuwa bado yumo, anawasha kiko chake. Askari akautazama ule mlango, akatutazama sisi. Kisha akavaa kofia yake, akaiweka sawa, akashuka ngazi.